Likiharibika Atamtaja Nani? Barua kwa Binti Yangu

Mama,

Habari ya kazi yako nimeipata kwa kaka yako, si kwako. Sitalivuta sana hilo, ila nimeliona. Alikuja Jumamosi kunitengenezea sola, yuko juu ya ngazi, ananiuliza, "Baba, umesikia dada kapata kazi Dodoma kwa mheshimiwa?" Nikaishika ngazi, nikanyamaza. Jioni ukapiga mwenyewe, ukasema ulitaka kunishtukiza. Haya, umenishtukiza.

Hongera, mwanangu. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi kwenda kumwandikia hotuba mtu ambaye nchi nzima inamsikiliza, si jambo dogo. Jana kwenye foleni ya benki nimewaambia wastaafu wenzangu watatu, na wawili sikuwa nawafahamu hata majina.

Lakini kuna neno ulilisema kwenye simu limeninyima usingizi. Nilikuuliza huyo mheshimiwa wako ni mtu wa namna gani, ukanijibu, "Baba, yule mtu ni safi, hakosei." Ukanisimulia anavyozungumza, anavyokumbuka majina ya watu, alivyoketi mkekani na akina mama. Nimekusikia. Mimi niliuliza jambo moja na hukulijibu: yalipomharibikia, alimtaja nani?

Maana hakuna kiongozi asiyeharibikiwa. Ulimi mtamu wanao wengi, na kukaa mkekani kunafundishika. Mtu umtazame siku jambo limeharibika na watu wanataka jina.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 13. Huku kwetu Shinyanga, na Mwanza pia, vyombo vya dola vilikamata watu katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafia humo humo kizuizini. Ninachokumbuka ni wazee kukatisha mazungumzo sisi watoto tukisogea. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, na vijiji vyetu viko mbali na meza yake. Mwaka 1977 akajiuzulu. Angeweza kusema ni watu wa chini waliozidisha, na watu wangemwelewa. Akatoka, akapelekwa ubalozi wa Misri, na mwaka 1985 nchi ikamwita huyo huyo kuwa Rais. Wenzangu wakimtaja Mzee Rukhsa wanakumbuka sabuni na mitumba vilivyorudi madukani. Mimi nakumbuka kule kujiuzulu. Simtakasi. Ni chini yake Azimio la Zanzibar la 1991 liliwaruhusu viongozi kuwa na hisa na kupangisha nyumba, mambo ambayo Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza, na sisi walimu tuliiona rushwa ikinenepa machoni petu. Lakini swali langu alilijibu kabla sijajua kuuliza.

Sasa nije kwa Mwalimu, maana najua utaniambia, "Baba na Nyerere wako."

Habari ya mafiga ya bibi yako na lori la Operesheni Vijiji lililotuhamisha unaijua, sitairudia. Nisilowahi kukuambia ni la babu yako. Babu yako alikuwa manju, mwimbaji na kiongozi wa ngoma. Ngoma ikipigwa kuanzia huku hadi ng'ambo ya mto, watu walikuwa wanauliza kama yeye yupo. Wiki chache baada ya kuhamishwa, mwaka 1974, nyumba yetu mpya haijapata ukuta upande mmoja, akaja mgeni mkubwa kukagua kijiji. Babu yako akaambiwa aimbe. Nilisimama karibu na ngoma, nikaona viganja vyake: vimepasuka kwa kukanda udongo, na kwenye nyufa udongo umekauka kama chokaa. Akaimba kijiji ni kizuri, watu wamefurahi, ng'ombe wameshiba. Mwezi ule ng'ombe wetu watatu walikuwa wamekufa. Mgeni akampa mkono, akatabasamu, akapanda gari. Baba akarudi nyumbani, akazichomeka njuga juu darini, na mpaka tunamzika sikumsikia akiimba tena. Uliwahi kuniuliza kwa nini babu hapendi redio ikipiga ngoma za kwetu. Ndiyo sababu.

Huyo ndiye aliyekurithisha ulimi, mama. Insha yako ya kidato cha pili niliwasomea walimu wenzangu ofisini, mmoja akasema huyu mtoto ni manju wa kalamu. Nikacheka nao, lakini mwili ulinisisimka.

Mwalimu nampenda, na sitaacha. Miezi miwili haijaisha tangu Uhuru, Januari 1962, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Mwaka 1985 akang'atuka mwenyewe, akarudi Butiama kulima. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipofikisha miaka 10, aliandika kwa mkono wake kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Tafuta kiongozi mwingine aliyeandika hivyo kuhusu kazi yake mwenyewe. Lakini kwenye vijiji tuliambiwa kosa lilikuwa la watendaji wa chini waliotumia nguvu kupita kiasi. Inawezekana. Ila Novemba 1973 ni yeye aliyetangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mgambo hakuileta kutoka kwao. Kwa hiyo hata yeye, ninayempenda kuliko wote, kwa jambo lililoigusa nyumba yetu swali langu limemshinda. Nakuandikia hili ujue mtu anaweza kumpenda kiongozi na bado akamwona. Wewe kwenye simu ulikuwa unapenda tu.

Na Sokoine? Mama yako ameniambia nisimsahau. Mwaka 1983, akiwa Waziri Mkuu, aliposhika fimbo ya wahujumu uchumi tulishangilia, tulikuwa tunaoga kwa majani ya mpapai. Alipofariki kwa ajali kule Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, ana miaka 45 tu, niliona wanaume wazima wamekaa chini ya mwembe wakilia. Nami nililia. Lakini kwenye senta yetu walimchukua pia mzee mmoja mwenye genge, amekutwa na miche michache ya sabuni, na alivyorudi hakuwa yule tuliyemjua. Hakuna aliyesema tumekosea juu ya mzee yule. Si Sokoine ninayemlaumu hapa, najilaumu na sisi tuliokuwa tunashangilia.

Ya miaka ya karibuni sitayaandika sana. Tarehe 17 Machi 2021, siku ilipotangazwa Rais Magufuli amefariki, ulikuwa hapa nyumbani, uliona mama yako alivyolia na mimi nilivyokaa kimya, na mpaka leo hatujaelewana. Yeye anaona barabara na shule, mimi naona watu walioogopa kusema. Huenda tunamtazama mtu mmoja pande mbili.

Lakini 2015 naomba uifikirie vizuri, maana inahusu kazi yako. Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alipotoka CCM akaenda upinzani, waliokuwa wakimwita fisadi majukwaani wakaanza kumnadi kama mkombozi. Na waliokuwa wakimtetea jana, wakaanza wao kumwita fisadi. Ilikuwa ni wiki chache tu. Yeye alikuwa mtu yule yule, afya ile ile, sauti ile ile. Waliogeuka ni waandishi wa hotuba. Kila upande kulikuwa na kijana hodari kama wewe, amekesha akitafuta maneno. Niliwahi kujiuliza wale vijana walilalaje usiku ule, na sikufikiri siku moja nitamuuliza mwanangu.

Basi nakuuliza tena. Huyu wako, yalipoharibika alimtaja nani? Kabla hajawa mheshimiwa alikuwa na kazi. Kuna watu alifanya nao. Dereva wake wa zamani yupo, katibu muhtasi wake wa zamani yupo. Waulize hao, usiwaulize marafiki zake. Mtu mkubwa hulindwa na wakubwa wenzake. Dereva alishakaa naye garini siku mkutano umekuwa mbovu, anajua njiani alikuwa anamtukana nani.

Hofu yangu ni wewe. Hotuba ikipendwa itakuwa yake, ikizua balaa itakuwa yako. "Ni msaidizi wangu ndiye aliyeandika." Sentensi hiyo ni nyepesi sana kutamka, mama. Aliye juu hata jasho haimtoi.

Unakumbuka ile shule ya kwanza niliyopewa ualimu mkuu? Wewe ulikuwa hujaanza darasa. Kuna siku tuliambiwa msafara utapita, watoto wajipange barabarani na bendera za karatasi. Wakatoka saa mbili asubuhi. Msafara ulipita saa kumi jioni, vioo vimefungwa, haukusimama. Watoto wawili walizimia kwa jua, mmoja akalazwa. Kwenye kikao cha wazazi ikaulizwa uamuzi wa kuwatoa mapema vile ulikuwa wa nani. Kulikuwa na mwalimu wa zamu, binti mdogo, ndiyo kwanza ana miezi sita kazini. Alihamishwa kwenda shule ya mbali kabla ya muhula kwisha. Amri ya saa mbili haikutoka kwake. Juzi nimesikia jina lake redioni kwenye matangazo ya vifo, nikazima redio. Mama yako ameniuliza betri zimeisha? Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo ninaposema ni sentensi nyepesi, najua uzito wake.

Fanya hivi. Usianze kazi bila barua ya ajira yenye sahihi, hata wakisema karatasi zitafuata. Kila unachoandika, baki na nakala yenye tarehe, na alichokata yeye kwa kalamu yake kitunze. Nyumba ya kuishi tafuta mwenyewe, hata chumba kimoja cha kupanga, usikubali kukaa kwenye nyumba yake wala ya rafiki yake. Mtu akikulaza, asubuhi huwezi kumwambia amekosea. Na akikwambia uandike kumtukana mtu, mwambie hujui kutukana. Wala hutakuwa umesema uongo, mimi na mama yako hatukukufundisha.

Hukuja kumzika shangazi yako. Nilisema nisiliseme hili, lakini limeshatoka. Alikuulizia siku mbili kabla hajafa. Ukiwa Dodoma usije ukapata nafasi ya misiba ya wakubwa tu.

Ya hapa nyumbani. Mama yako presha imeshuka, ila dawa anazificha kwenye kopo la majani ya chai na kuniambia amekunywa. Mpigie wewe, mimi hanisikilizi. Bati za upande wa jiko zimefika, misumari bado. Mdogo wako amefaulu, anatakiwa shule na godoro, ndoo na fagio ya chelewa, na nauli nimeipata nusu. Sikuombi, nakujulisha. Pamba ya mwaka huu imekomaa vizuri sehemu ya bondeni, ya juu wadudu wameila. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mama yako amesema ni wako, kwa hiyo usiseme huna mali.

Na kaka yako alipopanda kwenye ile sola akakuta njuga darini, za babu. Hakujua ni kitu gani. Nimezifuta vumbi, ziko mezani hapa ninapoandika. Sijajua kama nizirudishe juu.

Kiroba nimekutumia kwa basi la Jumapili, kondakta nimeshamlipa, usikubali kulipa mara mbili. Ndani kuna michembe, karanga na maziwa ya mgando kwenye dumu dogo, hilo lifungue kwanza maana safari ni ndefu. Jumatatu ukikutana na mheshimiwa, muulize lile swali, kwa adabu, kwa maneno yako mazuri. Kisha nipigie, hata ikiwa usiku. Simu nitailaza karibu na mto.

Baba yako