Wafadhili wawaachie watoto wachague wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie watu wema ambao, kila zinapokaribia sikukuu za Idd na Krismasi, hukodi basi dogo, wakawachukua watoto wa vituo vya kulelea yatima na wanaoishi katika mazingira magumu, wakawapeleka kula chakula cha mchana hotelini, kisha wakawapitisha madukani kuwanunulia nguo na viatu. Nimekuwa mlezi katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, na safari za namna hiyo nimezisindikiza mara nyingi.

Niseme mapema kwamba sikubaliani na wanaodai kuwa fedha hizo zingefaa zaidi zikinunua madaftari. Madaftari yanahitajika, na sare zinahitajika, lakini mtoto anayekula ugali na maharage katika foleni moja na wenzake, mwaka mzima, anastahili pia siku ambayo mhudumu wa hoteli atainama na kumwuliza atapenda kula nini. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika ibara ya 31 haki ya kila mtoto kupumzika, kucheza na kuburudika. Nimewasikia watoto wetu wakisimuliana kwa majuma mawili juu ya ngazi inayopanda yenyewe waliyoiona katika jengo la maduka. Furaha ile ni ya kweli, na anayeileta anafanya jambo jema.

Ninacholalamikia ni jinsi safari hizi zinavyopangwa, kwa sababu mara nyingi kila kitu huwa kimekwisha kuamuliwa kabla mtoto hajapanda basi. Mwaka mmoja tulipelekwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, watoto wakiwa wamevaa fulana zenye jina la mfadhili. Tulipofika tulikuta nguo na viatu vimekwisha kuchaguliwa na kufungwa katika mifuko. Watoto waliitwa mmoja mmoja, wakakabidhiwa mfuko mbele ya kamera, wakasema asante kama walivyofundishwa, wakarudi kwenye mstari. Binti mmoja wa miaka 12 alipata viatu vilivyompungua namba mbili, na kwa kuwa alikwisha kushukuru, aliona aibu kusema. Alivivaa shuleni kwa miezi kadhaa akiwa amekanyaga visigino, na mimi niligundua pale tu malengelenge yalipopasuka.

Safari nyingine, ambayo ninaikumbuka kwa faraja, mfadhili alimkabidhi kila mtoto shilingi 20,000 mkononi, akatutaka walezi tugawane watoto wanne wanne, kisha akaketi kwenye benchi kutusubiri. Kijana mmoja katika kundi langu alizunguka maduka ya kanga kwa karibu saa nzima, akisoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye kanga na kuyarudisha yasiyompendeza, hadi akapata doti aliyoitaka kwa ajili ya bibi yake anayeishi Mbagala. Baki alinunulia kandambili. Nilijaribu kumshawishi ajinunulie suruali, na leo najuta kwa kujaribu. Alikuwa amepokea vitu kwa miaka sita, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kushika fedha inayotosha kumnunulia mtu mwingine zawadi. Bibi yule alikuja kituoni siku ya Idd akiwa amejitanda kanga ile, na kijana alitembea naye uwanjani akimtambulisha kwa kila mtu, hata kwa mlinzi aliyekuwa anamfahamu siku zote.

Ninaeleza habari hii kwa urefu kwa sababu wafadhili wengi wanadhani watoto wetu hawana mtu duniani. Wengi wa watoto niliowalea wana mzazi mmoja, au bibi, au shangazi ambaye umaskini au maradhi yamemfanya ashindwe kuwalea. Hata katika sheria ya Kiislamu yatima ni yule aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na mama yake anaweza kuwa hai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda mawazo haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Sioni kwa nini haki hiyo isifike dukani, kwenye rangi ya gauni na namba ya kiatu.

Kuna pia suala la picha, na hapa nakiri kwamba sisi wa vituoni tuna makosa yetu. Tunaogopa kumpoteza mfadhili, kwa hiyo tunawapanga watoto mstari, tunawafundisha wimbo wa shukrani, na mpiga picha anapotuuliza mlangoni mwa hoteli kama anaruhusiwa, huku watoto wana njaa na pilau inanukia, hatuthubutu kukataa. Baadaye picha husambaa zikiwa na maelezo kwamba hawa ni yatima waliosaidiwa. Kijana wetu wa kidato cha pili aliwahi kuonyeshwa picha yake na wanafunzi wenzake kwenye simu, akiwa ameshika sahani, na kuanzia siku hiyo hakutaka kutoka na mfadhili yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazomhusu mtoto miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji idhini ya maandishi, na idhini ya haraka mlangoni mwa hoteli haiwezi kuhesabiwa kuwa idhini hiyo.

Kwa mfadhili anayejiandaa sasa hivi, ningemshauri apige simu kituoni angalau juma moja kabla, ili uongozi upate muda wa kuwasiliana na afisa ustawi wa jamii na kupanga walezi wa kutosha. Achukue watoto wachache anaoweza kuzungumza nao, badala ya kujaza basi. Chakula kiwe tayari mchana kweli, kwa maana nimeshuhudia hotuba zikiwachelewesha watoto wadogo hadi saa tisa, kisha wakala nyama ya mafuta na soda mbili mbili kwa pupa ya njaa, na wakatapika ndani ya basi wakati wa kurudi. Na asiseme kwamba atarudi mwezi ujao ikiwa hana hakika. Mtu mzima huliona neno hilo kuwa la kuagana tu, lakini mtoto hulihesabia siku, na anayeulizwa kila jioni mgeni yule anakuja lini ni mlezi. Ikiwa nafasi yake ni mara moja kwa mwaka, basi aje katika mwezi usio na sikukuu, wakati ambao hakuna anayebisha hodi, kwani katika wiki ya Idd tumewahi kupokea mialiko mitatu kwa siku moja.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri. Magazeti yetu, na lako likiwamo, huchapisha kila sikukuu picha za watoto wakipokea misaada, nyuso zao zikionekana wazi na jina la kituo likiwa limeandikwa chini. Habari ya mtu aliyetoa mali yake ina haki ya kuandikwa, na wala siombi iachwe. Naomba picha iwe ya mfadhili mwenyewe, au watoto wapigwe kutoka nyuma, na jina la kituo lisitajwe pale ambapo linaweza kumtambulisha mtoto kwa wanafunzi wenzake. Ikiwa dawati lako la picha linataka kujadiliana na walezi namna ya kufanya hivyo kabla ya Idd ijayo, niko tayari kufika ofisini kwenu, pamoja na vijana wawili waliokulia kituoni kwetu ambao sasa ni watu wazima na wangependa kusikilizwa.

Mlezi wa watoto,
Temeke, Dar es Salaam