Jumamosi njoo Mtwara

Chikongola, Mtwara
14 Novemba

Ndugu yangu Issa,

Salamu nyingi kutoka kwa mama na wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo, ila msimu wa korosho umechanganya, malori usiku kucha.

Nina jambo. Nimeamua kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya uigizaji, Marekani, chuo cha Yale. Najua utauliza ada natoa wapi. Ada hakuna. Mwaka 2021 tajiri mmoja, David Geffen, aliipa shule yao ya maigizo dola milioni 150, na tangu hapo wanafunzi wake hawalipi ada. Nauli, kula na kulala nitavihangaikia, lakini mlima mkubwa umeondoka.

Kazi ipo kwenye usaili. Shule za kule zinataka uigize peke yako vipande vifupi, cha kisasa na cha kale, na cha kale kiwe cha ushairi. Nikamkimbilia Shylock, yule mkopeshaji Myahudi wa "Mabepari wa Venisi" ya Shakespeare, pale anapouliza kama Myahudi hana macho. Unakumbuka tulivyoyasema maneno yale shuleni, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere? Wiki mbili nimeyafanyia mazoezi ufukweni Shangani, alfajiri, mpaka wavuvi wakanizoea. Kisha nikapata kitabu cha Kiingereza, nikaona mistari inakwenda mpaka ukingoni mwa ukurasa. Nathari! Pale Shakespeare hakuandika ushairi. Niliumia, Issa.

Sasa nimehamia kwa Antony wa "Juliasi Kaizari", pale anapoachwa peke yake na maiti ya Kaizari. Huo ni ushairi kweli, ila mizani yake si kama yetu. Sisi tunahesabu silabi, 8 kwa 8. Wao wana silabi 10, lakini kinachoubeba mstari ni mikazo 5. Nilikuwa nausema kama ninaghani, kila silabi na uzito uleule, ukawa unanifia mdomoni. Nikaanza kuigonga mikazo kwa vidole juu ya meza, ukaamka. Nikipoteza maana narudi kwenye Kiswahili cha Mwalimu, nasema hadi hasira inipande, ndipo naurudia Kiingereza.

Barua za mapendekezo walimu wangu wa chuo wamekubali kuziandika, watazituma wenyewe.

Iliyonitesa ni barua ya kujieleza. Niliandika tatu, zote "napenda sanaa tangu utotoni", nikazichana. Ya nne nimeandika kuhusu babu yangu wa Newala na kinyago chake cha kuchezea ngoma. Siku niliyoruhusiwa kukishika nilishangaa kilivyo chepesi. Nywele zake ni za mtu kweli, na chale za usoni zimechorwa kwa nta ya nyuki. Mchezaji hukivaa kama kofia ya kufunika kichwa kizima, naye huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho. Kwa hiyo uso wake haumsaidii kitu. Kiburi, ulevi, uzee, vyote babu alivitoa mabegani na kwenye magoti, na sisi watoto tulikimbia tukilia. Nimewaandikia kwamba hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza ya uigizaji, na kwamba kwao nafuata sauti, maana sauti babu hakunifundisha. Kinyago hakisemi.

Hilo la kuona kupitia mdomo lilikuwa siri ya ngoma, kwa hiyo nilimwendea mjomba kwanza, nikamuuliza kama ni halali kuliandika. Alinyamaza kitambo. Akasema vinyago vimeshakaa makumbusho, kila mtu amechungulia. Lakini akanitajia mambo mawili nisiyaguse, na sikuyagusa, hata kwako siyaandiki.

Ninachokuomba ni hiki. Jumamosi panda basi la asubuhi kutoka Lindi uje unirekodi vipande vyangu vya usaili kwa simu yako, yangu picha zake zina ukungu. Mkuu wa shule amenipa darasa la mwisho, lenye dirisha upande wa bahari, mwanga ni mzuri mpaka saa nne. Lete lile shuka jeusi la kikundi chetu cha maigizo tulitundike ukutani. Na kaa mbele yangu kama zamani, uniambie "hapo unadanganya". Hapa kila ninayemwonyesha ananipigia makofi, wananipenda, lakini haitanisaidia. Wewe ulinisimamisha mara sita katika sentensi moja, siku ile ukumbini, na ya saba ikatoka.

Barua ya kujieleza utaisoma ukifika. Mama amesema atakupikia pweza wa nazi.

Ndugu yako,
Hamisi