Diklopa, Panadol na dawa ya mafua: soma kiambato kabla ya kumeza

"Nipe ya maumivu, ile kali." Ombi hili tunalisikia kila siku kwenye duka letu la dawa, na kabla ya kufungua kabati huwa tunauliza: tangu asubuhi umekunywa nini? Wapo wanaokereka, lakini swali hilo hatuliachi. Majina ya biashara ni mengi, viambato ni vilevile vichache. Panadol ni parasetamoli. Panadol Extra ni parasetamoli na kafeini. Diklopa ni diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Aliyekunywa diklopa ya mgongo, Panadol ya kichwa na dawa ya mafua usiku amekunywa parasetamoli mara tatu bila kujua.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na apishanishe dozi kwa saa 4 hadi 6. Mwenye mwili mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji pombe wa kila siku atuulize kwanza, maana kiwango chake ni cha chini zaidi. Ini ndilo linaloivunjavunja dawa hii, na ikizidi hubaki sumu inayoliharibu. Siku ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu tu, au usihisi kitu kabisa. Aliyezidisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama yuko mzima. Dawa ya kuikabili sumu hiyo ipo, na hufaa zaidi ikiwahi.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ukoo mwingine. Sehemu iliyoumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazochochea uvimbe na kuzidisha maumivu. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wake. Ndiyo maana ibuprofeni husaidia maumivu ya hedhi: kemikali hizohizo ndizo zinazoubana mji wa mimba. Lakini pia ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Ukizizuia gotini, umezizuia na tumboni.

Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au wa figo hatumpi hizi kienyeji. Mjamzito pia, hasa kuanzia wiki ya 20. Wengine hutuambia wanachoma sindano ya diklofenaki ili kuliepusha tumbo. Haiepushi, kwa sababu dawa hufika huko kwa njia ya damu. Na ibuprofeni juu ya diklofenaki haiongezi nafuu ya maana. Inaongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali.

Homa tunaitazama kwa jicho jingine. Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na 2019, na kwa dengi ukoo huu wa dawa unaweza kuchochea kutokwa damu. Homa isiyojulikana chanzo, kunywa parasetamoli, kisha ukapime malaria. Kidonge kinashusha joto tu, vimelea vinabaki.

Aspirini usimpe mtoto chini ya miaka 16 bila agizo la daktari. Parasetamoli ya maji hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo njoo naye apimwe, na utumie kipimio cha kwenye boksi, si kijiko cha chai.