Nasi pia tumeikopesha serikali: barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha

Kisauni, Mombasa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Kitaifa,
Nairobi.

KUH: MADENI YA MAFUNDI NA WAUZAJI WADOGO

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni fundi seremala, kazi niliyorithi kwa baba, na karakana yangu iko Kisauni. Sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote serikalini. Barua hii nimeiandika usiku, baada ya kufunga kazi, kwa sababu kila nikisikia bajeti ikisomwa husubiri neno moja litajwe, na likitajwa hupitwa mbio mbio: madeni ambayo serikali inadaiwa na raia wake.

Mwaka 2021 nilipata LPO, yaani hati ya kuagiza mali, ya taasisi moja ya serikali. Madawati 240, fremu za chuma na mbao za saipresi, shilingi 5,000 kila moja. Jumla milioni moja na laki mbili, kabla ya ushuru. Nilimshukuru Mungu, maana korona ilikuwa imetulaza. Mbao nazo zilikuwa ghali. Tangu Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulikuwa umepigwa marufuku, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 2023, kwa hiyo nyingi tulizotumia zilivuka mpaka kutoka Tanzania na bei ikapanda kila zilipobadilisha mikono. Nilichukua mbao kwa ahadi. Chama chetu kikanikopesha laki tatu. Mke wangu, anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, akatoa akiba yake yote. Vijana sita tulifanya kazi mchana na usiku, na madawati yakafika siku tuliyoahidi. Yalihesabiwa, yakakaguliwa, karatasi ikatiwa sahihi na muhuri.

Hadi leo naandika, sijapokea hata shilingi moja.

Lakini kuna jambo lililoniuma kuliko kutolipwa, na ndilo hasa nakuomba ulitazame. Zabuni ile ilitaka mtu aliyejisajili kwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, nami nikajisajili. Sheria ya VAT inauhesabu ushuru tangu siku ile mali inapotolewa au ankara inapoandikwa. Haingoji fundi alipwe. Tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ushuru unadaiwa. Asilimia 16 ya milioni moja na laki mbili ni shilingi 192,000. Nikitoa VAT niliyolipia vifaa, ile kidogo niliyokuwa na risiti zake (muuza mbao wa kando ya barabara hana risiti za VAT, Mheshimiwa), nilibaki kudaiwa zaidi ya laki moja na themanini, pesa ambazo sikuwa nimezishika. Ukichelewa, faini ni asilimia 5, na riba asilimia 1 kila mwezi. Niliiuza mashine ya randa ili nilipe. Serikali ilichukua madawati yangu, kisha ikachukua ushuru wa pesa ambayo yenyewe haijanipa. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii na sijaona upande ambao lina haki.

Randa ya mkono ninayo. Ila kazi iliyokuwa ya siku moja sasa ni ya siku nne, na mteja hangoji siku nne. Vijana sita wamebaki wawili. Mmoja aliyeondoka sasa ni utingo wa matatu, mwengine yuko Qatar. Muuza mbao aliyenikopesha alifunga duka, na mimi ni sehemu ya sababu. Nikipita pale alipokuwa huinamisha uso. Deni moja la serikali limepita kwangu likaingia kwake, likaingia kwenye chama, likaingia jikoni kwa mke wangu. Nairobi mnaliona kama mstari mmoja kwenye jedwali. Huku ni mtaa mzima.

Nimejaribu kuelewa uchumi wenu, maana sitaki kulalamika nisichokijua. Februari 2024 Kenya ilikuwa mbioni kutafuta dola. Eurobond, deni la dola bilioni 2 lililokopwa 2014 kwa wawekezaji wa nje, ilikuwa iive, yaani ilipwe yote, Juni, na shilingi ilikuwa imeanguka hata dola moja ikafika karibu 160. Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya, kwa riba ya asilimia 9.75, ili ianze kulilipa lile la zamani. Mwezi huo huo ikauza hapa nchini hati ya dhamana ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi, na wenye pesa wakaleta hata serikali ikachukua zaidi ya shilingi bilioni 240. Eurobond ile ya 2014 ikalipwa. Shilingi ikapata nguvu, ikarudi karibu 130 kwa dola. Nakubali lilikuwa jambo la kheri kwa nchi, na mtu wa haki lazima aliseme.

Ila nilipozisoma habari zile nilijiuliza: mimi ni nani katika hesabu hii? Mwenye hati ya dhamana aliikopesha serikali kwa hiari yake, analipwa asilimia 18.46, na tarehe yake ya malipo inajulikana. Mimi niliikopesha bila kuulizwa, kwa mbao, kwa misumari, kwa jasho la vijana wangu. Sina riba, sina tarehe, sina karatasi ninayoweza kuiuza nikipata shida. Hata mgeni wa London aliyenunua Eurobond anajua siku yake. Mkopeshaji wa Kisauni hajui.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga haya, Mheshimiwa, tunayakalia sisi ambao hatukualikwa harusini.

Wala si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zimo katika bajeti iliyopitishwa. Kifungu cha 140 kinasema malipo yaliyochelewa yatalipwa kwa riba. Ibara ya 201 ya Katiba inataka pesa za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji, na mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Nilivijua vifungu hivi kwenye foleni ya kuulizia malipo, nikikaa na wenzangu wenye bahasha za kaki mapajani. Watu wa foleni ile wamekuwa mawakili bila kusomea. Ninachokosa kukiona ni afisa aliyeagiza mali bila pesa kuwepo akaulizwa.

Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki madai ya kuanzia Juni 2005 hadi Juni 2022, na akawekwa kuiongoza Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kuhakiki ni haki. Najua kuna madai ya uongo, kuna watu waliopeleka hewa na kudai mamilioni, na hao ndio waliotuchafulia jina sisi tuliopeleka madawati yanayokaliwa. Lakini hebu itazame tarehe ile ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa Juni 2005 alikuwa ametimiza umri wa kitambulisho kamati ilipoundwa. Deni limekua pamoja naye.

Kisha nikaona jinsi wakandarasi wa barabara walivyotafutiwa njia. Julai 2024 ada ya barabara kwenye mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka uliofuata zile shilingi 7 zikawekwa dhamana ili zipatikane bilioni 175 za kuwalipa. Siwaonei kijicho, nao wana wafanyakazi na mikopo, na tingatinga zilizokuwa zimesimama zikarudi kazini. Lakini nani anazitoa shilingi 7 hizo? Ni mwenye bodaboda anayeniletea gundi na msasa. Ni mimi nikipanda matatu kwenda mjini. Tunachangia kulipa madeni ya wakubwa, ya kwetu hayana lita inayoyachangia.

Na wapo walioumia kuliko mimi. Serikali ilitenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango wa AGPO, tangu 2013. Ni mpango mzuri. Binti wa jirani yangu alipomaliza chuo aliuamini, akasajili kampuni, akakopa, akapeleka karatasi na wino wa printa mahali. Alingoja. Mkopo haukungoja. Leo jina lake liko CRB, kwenye orodha ya walioshindwa kulipa mikopo, na kila anapoomba kazi au mkopo mdogo linamtangulia. Ana miaka 29. Kijana huyu tulimwambia asingoje kuajiriwa, ajiajiri.

Juni 2024 mmoja wa vijana wangu alinifuata akasema kesho haji kazini, anakwenda kuandamana kupinga Mswada wa Fedha. Nilimkataza kwa kumhofia. Akaniuliza, "Mzee, wewe ushalipwa?" Sikuwa na la kumjibu. Alikwenda, na akarudi salama, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakurudi kwao. Tarehe 26 Juni Rais akautupa mswada ule. Siku chache baadaye, tarehe 5 Julai, akatangaza kwamba mashirika 47 ya serikali yatavunjwa ili kubana matumizi. Watu wakafurahi, nami nilifurahi kwa kiasi. Lakini nilifikiria mara moja wale waliokuwa wakiyadai mashirika hayo: shirika likivunjwa, fundi aliyelitengenezea milango agonge wapi? Kubana matumizi kwa kutowalipa watu mali yao mliyokwisha kuitumia hakupunguzi gharama. Gharama inahamishwa, inatoka kwenye vitabu vya Hazina inaingia kwenye daftari la mkopo la dukani.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako. VAT ya mali iliyouziwa serikali idaiwe siku serikali inapolipa, isidaiwe kabla. Hili haliipotezei Hazina hata senti, maana pesa zote mbili ni za serikali hiyo hiyo: toeni mkono wa kulia ndipo mpokee kwa wa kushoto. Wanaodai kidogo, chini ya milioni mbili, walipwe kwanza, kwa kufuata tarehe ya kupeleka mali. Tuko wengi, lakini ukitujumlisha sote naamini hatufiki bei ya barabara chache, na pesa zetu haziendi mbali, zinalala sokoni siku ile ile. Na orodha itolewe hadharani, kila wizara na kila taasisi, inadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini. Mtu akiliona jina lake kwenye nambari mia nne atajua kungoja. Asipoliona popote atajua pa kwenda kuuliza. Sasa hivi tunaulizana sisi kwa sisi, na kuna watu wa katikati wanaotutoza pesa ili "faili isogee". Mimi sijawapa. Wenzangu wengine wamewapa, na siwezi kuwalaumu.

Mwezi uliopita nilipita pale nilipopeleka madawati. Askari wa getini alinitambua, akaniachia niingie. Yote 240 sikuyahesabu, lakini niliyoyaona yamesimama imara, vanishi imechakaa pembeni ambapo watoto huweka viwiko, na moja lilikuwa limelegea skrubu. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikaikaza.

Wako mtiifu,
Fundi seremala, Kisauni