Barua kwa mwanangu: kuhusu jina la Jordi

Mwanangu mpenzi,

Hao wanaokwambia Jordi, jina unalotaka kumpa mwanao, ni kifupi cha Jordan wasikusumbue. Jordan ni jina la mto, asili yake Kiebrania. Jordi ni Joji wa Wakatalani, watu wa Katalunya, kaskazini-mashariki mwa Hispania, kutoka Kigiriki Georgios: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Ukimwita mwanao Jordi umemwita mkulima, na kwangu hilo ni jina la heshima.

Huko Katalunya jina hili lilishika mizizi kwa sababu ya Mtakatifu Joji, msimamizi wao. Mwaka 1456 bunge la Wakatalani lilipitisha sikukuu yake, 23 Aprili, iadhimishwe rasmi. Siku hiyo watu hupeana waridi na kitabu, na kila Jordi hupongezwa kwa maneno "per molts anys", yaani "kwa miaka mingi", kwani ni siku ya jina lake.

Ninalotaka ulishike zaidi ni suala la maandishi. Enzi za Franco, dikteta wa Hispania, majina ya Kikatalani yalikataliwa kwenye daftari la vizazi. Mtoto aliitwa Jordi nyumbani, cheti kikasema Jorge, kwa Kihispania. Mwanasoka Johan Cruyff, akichezea Barcelona, alipata mtoto Amsterdam Februari 1974 akamwandikisha Jordi huko huko Uholanzi. Kwa cheti hicho jina likapita Hispania. Sheria ya Januari 1977 ndiyo iliyoruhusu majina ya lugha zote za Hispania, na aliyeandikwa Jorge zamani akaweza kuomba abadilishiwe. Kwa hiyo usikubali karani akuandikie Jorge wala George eti ni jina moja. Sahihisha kabla hujatia sahihi, na uangalie mwisho: ni i, si y.

Jordi wengi utakaokutana nao sasa ni watu wazima. Wachanga hupewa zaidi Marc, Jan, Pol au Biel. Mimi naona hiyo ni sababu ya kulichagua.

Kulitamka: j yake si yetu ya "jiko". Tamka sh, kisha acha sauti itetemeke kooni, kama Wafaransa wanavyosema Jean. Mkazo uko kwenye Jor, palepale Kiswahili kingeuweka. Tatizo huja mtu akichomeka irabu katikati akasema "Jorodi": silabi zinakuwa tatu, mkazo unahamia kwenye ro, na Mkatalani hatajua unamwita nani. Bibi za mtoto wafundishe mapema.

Wako,
Baba