Risala ya Kamati ya Makao ya Watoto kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Baba Paroko, masista, walezi na watoto wetu, Tumsifu Yesu Kristu!

Karibu sana Kakamega. Tunajua unatarajiwa Kisumu jioni, hivyo historia tutaipitia mbio. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1906 mapadre wa Mill Hill wakafungua misheni ya Mukumu. Ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Vijana wa huku wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, Kariokor, na wengi hawakurudi. Mafua ya 1918 yakaua hata waliobaki nyumbani. Watoto waliokosa mtu wakapelekwa misheni, na makao kama haya yakazaliwa hivyo. Masista waliandika kila mtoto katika daftari: siku aliyoletwa na nani kamleta.

Mafanikio yetu ni makubwa mno. Kwaya imeimba hadi kanisa kuu, kuku wanataga, na binti yetu mmoja anasomea uuguzi.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: paa la nyumba ya zamani. Humo wanalala wasichana, na chumba cha pembeni ndimo lilimo daftari. Kenchi zimeliwa na mchwa, ukizibonyeza kwa kidole zinamwaga unga. Mvua za huku unazijua. Alasiri wasichana huvuta vitanda katikati ya chumba na kutega mabeseni. Daftari tumelifunika kwa nailoni, lakini maji yameshalifikia. Mwezi wa Aprili alikuja bibi mmoja kutafuta asili ya marehemu mama yake. Tukafungua ukurasa, wino umetapakaa. Limesalia jina la ubatizo, Maria, na nusu ya jina la kijiji. Aliligusa, akanyamaza, kisha akaomba kalamu ainakili nusu hiyo.

Paa hili limesomwa katika risala tatu kabla ya hii. Kila mara tuliahidiwa mabati, tukashangilia, tukangoja. Wewe tunakuheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo tunakuomba usiondoke bila kututajia tarehe. Fundi yupo, ameketi safu ya nyuma. Hesabu ya mbao, mabati ya geji 28 na misumari tumeibana pamoja na risala hii. Nguvukazi tutatoa wenyewe.

Chakula kiko tayari, lakini tunakusihi upite nasi bwenini kwanza.

Ni sisi watiifu wako,
Kamati ya Makao