Kaka, injini ya kijiko iko njiani, ila msiifunge kabla hujasoma hii

Kaka shikamoo, Mama na Baba pia wafikishie shikamoo zangu. Mi mzima, kinachosumbua ni baridi tu, saa kumi alasiri giza limeshaingia. Hii barua ni ndefu najua, msomee Baba taratibu maana habari za nozeli na pistoni atataka azisikie zote, Mama akichoka aende zake, ya kwake nimeiweka mwisho.

Najua ulidhani nimekuchunia. Injini ya kijiko chetu, ile mashine ya kuchimbia, ilipokufa ulinitumia picha ya ile injini ya dalali wa Dar, ukasema tuma hela haraka kabla hajaja mtu mwingine, mi nikakaa kimya wiki tatu. Kaka ile injini imepigwa rangi ya bluu mpaka kwenye nati, mpaka kwenye mipira ya maji! Mtu mwenye injini nzima anakuwashia uisikie, hakupakii rangi. Nikasema ngoja kwanza nitafute huku, na we si unajua nikisema kitu mapema kikashindikana ntaonekana muongo, ndo maana nikanyamaza.

Sasa sikia hii. Injini yetu ni Perkins 4.236, silinda nne, lita 3.86, na kumbe imetoka mji huu huu ninaokaa. Yani nimeishi Peterborough miaka sita, nafunga karoti kwenye vifuko usiku kucha, kiwanda cha Perkins kipo hapa hapa na sikuwahi kuunganisha na kijiko chetu kule Muheza. Kampuni alianzisha Frank Perkins mwaka 1932, hiyo modeli yetu ikatoka 1964, wakaifunga kwenye kila kitu, vijiko vya JCB, matrekta ya Massey Ferguson, folklifti, jenereta, hadi maboti. Ndo maana mpaka leo ringi na gasketi zake hazisumbui kupata. Mwambie Baba aliposema "hii mashine haifi kwa kukosa spea" alikuwa sahihi, imekufa kwa mambo mengine nakuja huko.

Ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya jenereta, pauni 250, nikashika simu nilipe. Bahati nina jirani hapa mzee wa Kiingereza alifanya kazi kile kiwanda ujanani, akanambia acha. Ya jenereta inazunguka 1,500 kwa dakika muda wote, pampu yake imesetiwa kwa kazi hiyo, kijiko kinataka injini inayopanda na kushuka kila sekunde, halafu sampu, lile bakuli la oili la chini, na nyumba ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, zinaweza zisilingane na za kwetu. Ungeletewa chuma cha kilo karibu 300 hakikai kwenye chesisi. Huyo mzee ndo akanifundisha kusoma namba, herufi LD mwanzoni ndo 4.236, na ukikuta U katikati ujue imeundwa Uingereza. Kama namba imefutwa au imesagwa, geuka uondoke.

Ya pili nikaipata shambani upande wa Spalding, kijiko JCB 3CX ndugu kabisa wa kile chetu, kimeoza chesisi, kimesimama kwenye majani yanayowasha kama upupu, mikono iliniwasha mpaka kesho yake. Pauni 400 injini peke yake. Na imekamata, haizunguki hata kwa rungu.

Najua unasema mdogo wangu kachanganyikiwa huko ulaya, kanunua injini iliyokamata. Tulia kaka. Injini iliyokamata ikiwa kazini imeungua, huko kranki na beringi zote kwaheri. Ila hii mwenye shamba aliiegesha ikiwa inatembea, akanunua mpya, ikalala nje miaka kama saba. Nilichomoa kijiti cha oili, nyeusi ila haina rangi ya uji, maana yake maji hayajaingia kwenye oili. Rejeta ina maji ya kijani ya dawa bado. Iliyokamata kwa kulala imeshikwa na kutu tu, na kutu unaweza kuibembeleza.

Tukaipeleka kwenye banda la Mpolandi mmoja nafanya naye kazi, yeye wikiendi anatengeneza vani za watu. Tukatoa nozeli zote nne, kila tundu nikamimina dizeli iliyochanganywa na ile oili nyekundu ya gia otomatiki, tukaiacha. Kila nikitoka shifti asubuhi napita pale, naweka spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, nasukuma kidogo mbele kidogo nyuma, bila nguvu za hasira. Stata hatukuigusa kabisa, ukilazimisha na stata unavunja ringi au unapinda koni rodi. Siku ya kwanza jiwe. Ya pili jiwe. Siku ya sita ikasogea kama upana wa kidole, kaka nilipiga kelele mpaka mbwa wa Mpolandi akaanza kubweka. Siku ya tisa ikazunguka mzima.

Tukafungua hedi. Silinda 1, 2 na 4 safi, ya 3 ina duara la kutu. Unajua kwa nini? Ilipozimwa vali ya moshi ya silinda hiyo ilibaki wazi, na ekzosi imesimama wima haina kifuniko, basi miaka saba mvua ya Uingereza inadondokea humo humo. Hapo nikamkumbuka Baba na kopo lake la Blue Band, kila jioni lazima alifunike juu ya ekzosi, na sisi tulivyokuwa tunamcheka. Baba nisamehe.

Silivu ya 3, yani ukuta wa ndani wa silinda, nimeisugua kwa msasa laini na oili, kutu haikuchimba ndani. Pistoni nimezitoa zote nne maana tumeshafungua tutafanyaje, ringi mpya, beringi za koni rodi mpya saizi standadi, kranki haijawahi kusagwa, ipo kama ilivyotoka kiwandani. Vali tumezisaga kwa mkono. Gasketi ya hedi mpya. Tapeti, ile nafasi ya vali, nimeziseti milimita 0.30 injini ikiwa baridi, zote, za kuingiza na za kutoa.

Iliyoniuma ni pampu ya dizeli. Ni CAV ya aina ya DPA, dizeli ya zamani ilikauka ndani ikawa kama gundi, vali inayopima mafuta ikaganda. Fundi wa pampu kachukua pauni 380, yani karibu bei ya injini! Nililipa huku roho inasononeka ila ndo kitu cha mwisho ningefanyia ubahili, maana hiyo vali ikiganda upande wa wazi injini inapanda mizunguko haishiki tena, unazima haisikii, mpaka ipasuke.

Kwa hiyo siku ya kuwasha tukaifunga kwenye stendi ya vyuma, Mpolandi kasimama na kipande cha ubao mbele ya tundu la hewa, ikichachamaa azibe. Siyo kwa mkono, kwa ubao, mkono inaula. Tukatoa hewa kwanza kwenye filta, halafu kwenye skrubu za pampu, halafu tukalegeza nati za paipu za nozeli tukapiga stata mpaka dizeli ikatema. Pale kwenye kale kapampu ka mkono ka kuvutia dizeli ukikasukuma ukaona kalegevu hakasukumi kitu, usikang'oe ukasema kamekufa, zungusha injini raundi moja kisha jaribu tena, inakuwa kamu, ile nundu ya shafti inayokasukuma, ndo imekakanyaga.

Ikakohoa. Moshi mweupe ukajaa banda hatuonani, ikakohoa tena, silinda mbili, tatu, alafu zote nne zikashika kwa pamoja, ule mlio kaka, ule ule uliokuwa unatuamsha Baba akienda kuchimba misingi. Geji ya oili ikapanda, ubao haukuhitajika. Nimerekodi dakika nne, video nimeshakutumia, mwekee Baba sauti iwe juu.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri na usinikasirikie. Injini yetu haikufa kwa uzee, tumeiua sisi. Nimeangalia picha zako zote upya, naziona. Themostati, ile vali ya kuongoza maji ya kupozea, haipo, fundi aliitoa akasema inachemsha gari, wakati gari lilikuwa linachemka kwa sababu rejeta imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Na ule mpira wa kutoka filta ya hewa kwenda injini umefungwa kitambaa, vumbi jekundu lote la Muheza lilikuwa linaingia kwenye silinda kama msasa, ringi zitapona vipi? Mkiifunga hii kwenye rejeta ile ile na mpira ule ule, mwakani tutaandikiana tena barua hii hii.

Kwa hiyo kabla ya kuifunga, rejeta itolewe ikafunguliwe na kuzibuliwa, siyo kumwagiwa maji tu. Themostati mpya na mpira wa hewa mpya nimeviweka kwenye sanduku la vipuri pamoja na filta za oili na dizeli. Maji weka yenye dawa, ukikosa kabisa kinga ya mvua, ya kisima hapana. Injini inakuja kavu, wasafirishaji hawataki oili wala dizeli ndani, nimeandika kwa wino mwekundu HAINA OILI ila najua mafundi hawasomi, we simama pale. Weka oili, vuta kamba ya kuzimia, piga stata vipande vipande mpaka geji ya oili isogee, ndo muiachie iwake. Ikishafanya kazi masaa kama 25 hedi ikazwe tena na tapeti zipimwe upya. Na yule fundi wetu mwambie kwa heshima, pampu asiiguse. Ile skrubu yenye sili ya waya asiikate hata injini ikionekana haina nguvu, aanze kwenye filta.

Ipo kwenye kontena tuliloshea na jamaa wengine, inashukia Dar halafu lori mpaka kwenu. Meli nyingi zimekuwa zikizunguka huko kusini mwa Afrika badala ya kupita Bahari ya Shamu, basi usihesabu siku sana. Hela ya kutolea bandarini ntatuma kwa wakala mwenyewe, we akikupigia mtu yeyote anataka ya "chai" nipigie kwanza. Jumla imenitoka pauni elfu moja na kitu, usimwambie Mama, ah kumbe unasoma kwa sauti. Mama usiogope, nakula vizuri.

Mama, kwenye sanduku hilo hilo la vipuri kuna mfuko mweusi ni wako. Kuna sweta mbili, dawa ya kuchua magoti, na miwani ile ya kusomea uliyosema. Nimeufunga mara tatu ila mwambie kaka autoe wa kwanza kabla hajaanza kushikashika magasketi, maana sweta likinukia dizeli haitoki hiyo harufu. Na kopo la Blue Band kama bado lipo pale jikoni msilitupe, mpeni Baba.